Galaksi Inayopita Juu ya Ndithini

Wakati wa Krismasi, mwendo wa saa tatu usiku, kuna galaksi inayopita karibu wima juu ya utosi wa mtu aliyesimama Ndithini. Wadi hiyo ya eneo bunge la Masinga, kaunti ya Machakos, iko kiasi cha digrii moja tu kusini mwa ikweta, na galaksi yenyewe imekaa karibu kabisa juu ya ikweta ya anga. Novemba ikianza hupita hapo mwendo wa saa sita na nusu usiku, na kila wiki inayofuata inatangulia kwa karibu nusu saa. Anayetaka kujua upande wake aanze na Kilimia, kile kishada cha nyota kinachotajwa katika kitabu cha Ayubu, kisha ateremke kusini-magharibi. Kwa macho matupu hataona kitu. Kwa darubini ndogo, penye giza la kweli, ataona doa la ukungu. Doa hilo huitwa M77, au NGC 1068 katika orodha nyingine, na liko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 47. Mwanga wake unaofika Machakos leo ulianza safari kitambo kirefu kabla ya Mlima Kenya kuumbika.

Mnamo Novemba 2022 wanasayansi wa kituo cha IceCube, ambacho vifaa vyake vimefukiwa ndani ya barafu katika Ncha ya Kusini, walitangaza kwamba M77 inatutumia chembe ziitwazo nyutrino, tena zenye nishati kubwa mno. Kwa makadirio yao zilikuwa 79, zilizopatikana katika data ya miaka tisa. Nyutrino 79 kwa miaka tisa ni kama tisa kwa mwaka. Idadi hiyo ilitosha kufungua ukurasa mpya katika elimu ya anga, na Mkenya ana sababu yake ya kuifuatilia habari hii kwa karibu, kwa kuwa njia iliyowafikisha wataalamu kwenye M77 ilipitia pwani yetu, Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Nyutrino ni chembe ndogo kuliko atomu. Haina chaji ya umeme, na uzito wake ni mdogo hivi kwamba hadi leo tunajua kikomo ambacho haiwezi kukizidi, lakini kipimo kamili hatuna. Wolfgang Pauli aliibashiri mwaka 1930, na Frederick Reines na Clyde Cowan wakathibitisha kuwepo kwake mwaka 1956 kando ya mtambo wa nyuklia nchini Marekani. Jua letu huzimwaga kwa wingi usiosemeka: kila sekunde, takriban bilioni 65 hupenya kila sentimita mraba ya ngozi yako. Mchana hushuka kutoka juu. Usiku hupanda kutoka chini ya kitanda, zikiwa zimeshapenya Dunia nzima bila kugusana na chochote. Hazitudhuru kwa sababu hazitugusi.

Tabia hiyo ya kupita bila kuzuiwa ndiyo inayoipa nyutrino thamani. Mwanga humezwa na vumbi na gesi. Protoni, kwa kuwa ina chaji, hupindishwa njia na uga wa sumaku wa kila galaksi inayoipitia. Nyutrino huja moja kwa moja kutoka ilikozaliwa. Ukiweza kuinasa na kuusoma mwelekeo wake, umeshajua pa kutazama.

Swali ambalo nyutrino zinaletwa kulijibu lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1912 Victor Hess alipanda angani kwa puto na kugundua kwamba mnururisho huongezeka kadiri mtu anavyopaa, maana yake unatoka nje ya Dunia. Tuliuita miale ya kosmiki. Sehemu yake kubwa ni protoni na viini vya atomu, na baadhi vina nishati ambayo hakuna mashine ya binadamu iliyowahi kuikaribia. Ni nini huko angani kinachozipa chembe hizi nguvu ya namna hiyo? Kuzifuata nyuma hakusaidii, maana zikifika kwetu zimekwisha kupotoshwa njia mara nyingi. Lakini popote protoni zinapopewa nguvu nyingi, baadhi yake lazima zigonge gesi au mwanga uliozizunguka. Mgongano huo huzaa chembe za muda mfupi ziitwazo pioni. Pioni zisizo na chaji hugeuka miale ya gama, na zile zenye chaji hutoa nyutrino. Kwa hiyo nyutrino ya nishati kubwa ni ushahidi usio na utata kwamba mahali fulani protoni imeongezwa mwendo. Miale ya gama peke yake haitoshi kuthibitisha, kwa sababu hata elektroni zinaweza kuizalisha.

Kazi ya kunasa nyutrino za asili, zisizotoka katika mtambo wa binadamu, ilianzia katika ardhi ya Afrika. Tarehe 23 Februari 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Johannesburg, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, vifaa vya Reines na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand vilirekodi alama ya nyutrino iliyozaliwa angani na miale ya kosmiki. Mgodi huo ulichimbwa kwa jasho la wafanyakazi Waafrika wa enzi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka huohuo kundi lingine lilifaulu katika migodi ya Kolar, India. Kina kilihitajika ili mwamba uchuje chembe nyingine zote. Miaka 22 baadaye, tarehe ileile ya 23 Februari, mwaka 1987, nyutrino zipatazo 25 kutoka kwa nyota iliyolipuka nje ya galaksi yetu zilinaswa Japani, Marekani na Urusi. Nyota hiyo ilionekana hata kutoka Machakos, chini kidogo upande wa kusini. Nyutrino zake, hata hivyo, zilikuwa za nishati ya chini. Kwa zile za nishati kubwa, zinazofika kwa uchache zaidi, mgodi haukutosha. Kilihitajika kitu chenye ukubwa wa mlima, tena kinachopitisha mwanga.

Barafu ya Ncha ya Kusini ina sifa hizo. Wahandisi walitoboa mashimo kwa maji ya moto, wakateremsha nyaya 86 zenye vihisio 5,160 vya mwanga, kuanzia kina cha mita 1,450 hadi 2,450. Kazi ikakamilika Desemba 2010. Kilomita moja ya ujazo ya barafu safi, iliyo giza totoro, ikawa darubini. Mara chache sana nyutrino hugonga kiini cha atomu humo ndani au mwambani karibu na hapo, na kuzaa chembe iitwayo muoni, inayokimbia kuliko mwanga unavyoweza kukimbia ndani ya barafu. Muoni hiyo huacha nyuma yake mwanga hafifu wa buluu, uitwao mwanga wa Cherenkov. Vihisio hupima mwanga huo umefika kipi kwanza na kipi baadaye, kwa usahihi wa sehemu chache za bilioni za sekunde, na kutokana na tofauti hizo mwelekeo wa nyutrino hukadiriwa kwa kosa lisilofika digrii moja.

Taabu kubwa ni makelele. Kila sekunde karibu muoni 3,000 zinazozaliwa katika angahewa juu ya kituo hupita ndani ya barafu hiyo, na hazina uhusiano wowote na galaksi za mbali. Ndiyo maana IceCube hutazama zaidi chini kuliko juu: Dunia nzima hutumika kama chujio, na chembe inayopanda kutoka chini haiwezi kuwa kitu kingine ila nyutrino. M77 imekaa pazuri kwa kazi hii. Kwetu hapa huchomoza, ikapanda hadi utosini, ikatua. Kwenye ncha haichomozi wala haitui. Huzunguka kwenye upeo wa macho saa 24 mwaka mzima, na nyutrino zake huingia ubavuni mwa barafu, ambapo muoni za angahewa zimekwisha zuiwa. Kituo kinaiangalia bila kupepesa.

Mwaka 2013 IceCube ilitangaza kwamba imepata nyutrino za nishati kubwa zinazotoka nje ya mfumo wa Jua. Zilikuwa zimetawanyika angani kote, dalili kwamba nyingi zatoka mbali nje ya galaksi yetu. Zilitoka wapi hasa, hakuna aliyejua.

Dokezo la kwanza lilikuja tarehe 22 Septemba 2017. Nyutrino moja yenye nishati ya takriban elektronivolti trilioni 290 ilipita barafuni, na katika muda usiofika dakika moja taarifa ikatumwa kwa wataalamu wa anga duniani kote. (Chembe ya mwanga tunaoona kwa macho ina elektronivolti 2 au 3.) Setilaiti ya Fermi ikaonyesha kwamba upande huohuo, karibu na bega la kundi la nyota la Orioni, galaksi iitwayo TXS 0506+056 ilikuwa iking'aa kwa miale ya gama kuliko kawaida yake. Hiyo ni blazari: galaksi ambayo katikati yake kuna shimo jeusi kubwa linalofyatua mkondo wa chembe, na mkondo huo umeelekezwa kwetu. Watafiti walipofukua data ya zamani, walikuta nyutrino nyingine zipatazo 13 zilizotoka huko kati ya Septemba 2014 na Machi 2015. Watu walifurahi sana, nami nilielewa kwa nini, ila tatizo liliwakwaza: wakati wa mfululizo huo wa 2014 miale ya gama ya blazari hiyo haikuongezeka. Kama nyutrino na gama huzaliwa pamoja, gama ilikwenda wapi?

M77 ndiyo iliyolikazia swali hilo. Katika nyutrino zipatazo 670,000 zilizochambuliwa, karibu zote zilikuwa za angahewa, zimesambaa kama zinavyotarajiwa. Upande wa M77 kukawa na ziada ya 79. Uwezekano wa ziada kama hiyo kutokea kwa bahati tu, hata baada ya kuzingatia kwamba galaksi zaidi ya mia moja zilikaguliwa, ni karibu moja kwa laki moja. Wanafizikia hudai kiwango kikali zaidi, karibu moja kwa milioni tatu na nusu, kabla ya kutamka neno "ugunduzi", na IceCube ilijizuia ikasema imepata ushahidi. Kujizuia huko kunastahili heshima. Nishati za nyutrino zenyewe zilikuwa kati ya elektronivolti trilioni 1.5 na 15. Gama za nishati hiyo zilipotafutwa kwa darubini za MAGIC, katika visiwa vya Canary, hazikuonekana kabisa.

Mchoma makaa wa Masinga angeielewa hali hii upesi. Magogo yakishapangwa na kufunikwa kwa majani na udongo, moto wa ndani hauonekani tena. Unaujua kwa moshi na kwa joto unaposogea. Katikati ya M77 kuna shimo jeusi lenye uzito wa takriban Jua milioni 10, limezingirwa na ukanda mnene wa gesi na vumbi. Karibu kabisa na shimo lenyewe, juu ya sahani ya gesi inayozama, kuna wingu la elektroni zenye joto kali mno, liitwalo korona. Korona hutoa eksirei kwa wingi. Gama ikizaliwa hapo hugongana na eksirei hizo na kugeuka jozi za elektroni na pozitroni, nishati yake ikagawanyika na kutoka ikiwa imedhoofika. Nyutrino hupita. Maelezo yanayoaminiwa na wengi sasa ni kwamba protoni hupewa nguvu ndani au kando ya korona, na kwamba eksirei zilezile zinazoimeza gama ndizo, pamoja na gesi, zinazogongwa na protoni hadi nyutrino zikazaliwa. Hivyo anayetaka kujua galaksi gani zitatoa nyutrino aanze na zile zenye eksirei nyingi.

Na orodha ya kwanza ya eksirei za anga lote ilipatikana kwa chombo kilichorushwa kutoka Kenya.

Angahewa huzuia eksirei zote zitokazo mbali, jambo zuri kwa afya yetu na baya kwa mtafiti. Kabla ya 1970 njia kuu iliyokuwepo ilikuwa kurusha roketi au puto. Kwa roketi, unapima kwa dakika chache, kisha kifaa kinaanguka. Riccardo Giacconi na wenzake waligundua hivyo chanzo cha kwanza nje ya mfumo wa Jua mwaka 1962. Walihitaji kifaa kikae juu miezi na miezi. Tena kiwe katika njia inayofuata ikweta kwa chini, kwa sababu setilaiti inayotanga mbali na ikweta hupita kila mara juu ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mkanda wa mnururisho wa Dunia hushuka na kuvuruga vipimo. Pale Ngomeni Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walikuwa wamekwisha kusimamisha jukwaa la San Marco baharini, na mwaka 1967 walikuwa wamerusha setilaiti yao kutoka hapo. Marekani iliomba kulitumia.

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ya aina ya Scout iliondoka jukwaani. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeusimamia mradi, aliipa setilaiti hiyo jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji. Iliizunguka Dunia kila baada ya saa moja na nusu na ushei, bila kwenda zaidi ya digrii 3 hivi kaskazini au kusini ya ikweta, kwa hiyo katika zaidi ya miaka miwili ya kazi yake ilipita mara nyingi juu ya Machakos. Ilikoma Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na hadi leo wataalamu huviita vingi kwa alama ya 4U na tarakimu baada yake. Hiyo U ni Uhuru.

Katika miezi yake ya kwanza setilaiti hiyo ilionyesha kwamba galaksi zenye viini vinavyong'aa, zilizoelezwa na Carl Seyfert mwaka 1943, hutoa eksirei. Mojawapo ya hizo, iliyotangazwa 1971, ni NGC 4151. Ishike namba hiyo.

Mwaka 2002 Giacconi alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Nusu ya pili waligawana Raymond Davis na Masatoshi Koshiba, waliofungua njia ya kutazama anga kwa nyutrino. Wakati huo fani hizi mbili zilionekana kuwa jirani tu. Miaka 20 baadaye zilikutana ndani ya M77, ambayo nayo imo katika galaksi za Seyfert.

Kilichofuata kilikuwa hatua ya kawaida ya kisayansi. IceCube ikachukua galaksi zenye eksirei kali, kwa vipimo vya setilaiti za sasa kama Swift, ikaangalia kama nazo zina ziada ya nyutrino. Ukiiacha M77, iliyojitokeza zaidi ilikuwa NGC 4151, ileile ya Uhuru, iliyo umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 50. Dalili yake bado ni dhaifu kuliko ya M77, na dalili za kiwango hicho zimewahi kuyeyuka data ilipoongezeka. Hata hivyo naona ni vigumu kulichukulia hilo kama sadfa tupu, kwa sababu ilitabiriwa kabla ya kutazamwa: nadharia ya korona ilisema itafute hapa, nayo ikatafutwa hapo.

Nisiifanye hadithi iwe laini kuliko ilivyo. M77 na TXS 0506+056, kila moja, inachangia takriban asilimia 1 tu ya nyutrino za kosmiki zilizopimwa. Mwaka 2023 IceCube ilionyesha pia kwamba galaksi yetu wenyewe, ule mkanda mweupe unaoonekana usiku usio na mbalamwezi, inachangia sehemu ndogo. Sehemu kubwa iliyobaki haijapata mwenyewe. Na tarehe 13 Februari 2023 darubini ya KM3NeT, inayojengwa chini ya Bahari ya Mediterania karibu na Sicily, ilirekodi chembe ambayo nyutrino iliyoizaa ilikadiriwa kuwa na nishati ya elektronivolti trilioni 220,000, kuliko zote zilizowahi kunaswa. Blazari kadhaa ziko upande ilikotoka, na hakuna iliyothibitishwa kuwa ndiyo. Inawezekana kabisa kwamba blazari huzaa zile kali kabisa na galaksi za Seyfert huzaa zile za chini zaidi, kila aina kwa njia yake. Ndivyo ninavyoelekea kuamini kwa sasa, nikijua kwamba chanzo kimoja kipya kinaweza kunibadilisha mawazo.

Data ya IceCube ya mwaka 2008 hadi 2018 imewekwa wazi kwa yeyote: kila chembe inayodhaniwa kuwa nyutrino na tarehe yake, nishati yake iliyokadiriwa, na mahali ilikotoka angani. Kompyuta ya kawaida inaitosha. Mwanafunzi wa chuo, awe Nairobi au yuko nyumbani Ndithini likizo, anaweza kuanza hivi: aweke nukta ya M77 kwenye ramani, ahesabu nyutrino zilizotua ndani ya digrii moja kuizunguka, kisha arudie hesabu hiyo katika nukta nyingine nyingi zilizo umbali uleule kutoka ikweta ya anga. Tofauti atakayoiona itakuwa ndogo, pengine isiridhishe. Hatua inayofuata ni kuipa kila nyutrino uzito kulingana na nishati yake na kosa la mwelekeo wake.